Namba Niliyoishusha

Odeta,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na najua hutarudi kabla ya giza. Nimekaa mlangoni pa chumba cha mashine, nimechana karatasi katikati ya daftari tunaloandikia siku za mayai, na nimeamua kukuandikia badala ya kukuambia. Kwa mdomo najijua. Kwa mdomo nitaanza kujitetea, wewe utanionea huruma, tutaishia kulia wote wawili, na jambo lenyewe halitasemwa. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kirundi changu cha kuandika bado watu wa hapa wanakicheka, na leo sitaki kuchekwa.

Habari za kula, kulala na kujifunika baridi siziandiki. Wewe ni mtu mzima, na waliotaka kukufundisha hayo wamekwisha kukufundisha mara tatu tatu. Baba yako mkubwa Leonidasi alikuja tena asubuhi, wewe ukiwa umekwenda kuchota maji. Alikataa kiti.

"Msichana wa ukoo huu haendi Muyinga kufanya kazi kwa Wahindi," alisema. "Watu watasema tumemuuza."

"Watu gani?" nikamuuliza.

"Watu."

"Basi watu wakisema, waambie mama yake ndiye aliyemruhusu. Jina langu wanalijua."

Aliondoka bila kuaga. Kesho utapanda gari la Gitega na kutoka Gitega utapanda la Muyinga, hata akilala katikati ya barabara. Hilo limekwisha, sirudi nyuma.

Lililobaki ni la zamani, na linamhusu Mama Nargisi unayekwenda kwake. Ukifika atakutazama usoni, na atakuwa anajua jambo juu ya mama yako ambalo wewe hulijui sawasawa. Sikubali uingie katika nyumba ya mtu hivyo. Umesikia vipande kutoka kwa watu, na kwa vile unanipenda ukaamua kwamba baba yako mkubwa alinisingizia. Hakunisingizia. Nina mengi ya kumdai Leonidasi, lakini hilo halimo.

Tuliporudi ulikuwa na miaka saba. Mimi nilizaliwa kule, upande wa Tabora, kwa wazazi waliokimbia. Nilisoma kule mpaka darasa la saba, nikaolewa kule na baba yako, ambaye naye alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Gishubi nilikuwa naijua kwa jina tu. Leonidasi, kaka yake, yeye hakukimbia, na ndiye aliyetukatia, kwa shingo upande, kile kipande cha shamba kwenye mteremko. Baba yako alifariki kabla ya mavuno ya pili. Nikabaki na wewe, na Kirundi chenye lafudhi ya Kitanzania, na watu wakituita abahungutse, waliorudi, kana kwamba ndilo jina tulilobatizwa. Nikikosea neno moja kwenye mkutano, kicheko. Nikiuliza mpaka wa shamba uko wapi, "Kaulize Tanzania."

Sasa sikia nilivyojikinga. Nilianza kujifanya najua kila kitu. Redio ya jirani imekufa, naijua. Mbuzi amevimba tumbo, najua dawa yake. Barua ya ofisi ya komini, serikali ya hapa, imeandikwa Kifaransa, nipeni niisome, na Kifaransa sikijui. Niliona kwamba nikikubali mara moja tu kuwa kuna kitu sikijui, watanirudisha chini pale pale waliponikuta. Kosa langu lilianzia hapo, miaka mitatu kabla ya yai la kwanza.

Wakati huo tulikuwa na chama chetu cha akina mama, wengi wao wenyeji na sisi wachache tuliorudi. Tuliuza maharage misimu miwili ili tununue mashine ya kutotolesha vifaranga, kuvezi kama walivyoiita wale walioiona Gitega mjini. Wakanituma mimi Muyinga kuinunua, kwa sababu wafanyabiashara wa kule wanaongea Kiswahili na mwenye Kiswahili nilikuwa mimi. Nilitembea kama balozi siku ile. Kwa mara ya kwanza kile walichonichekea ndicho walichokihitaji.

Duka la Mama Nargisi utalikuta vile vile: pampu za kunyunyizia dawa zimening'inia mlangoni, misumari ndani ya makopo ya maziwa, na mashine nyuma, zile zinazoingilia mpakani Kobero. Mwenyewe alikuwa mwembamba, mtandio mabegani, miwani imefungwa kwa kamba. Babu zake walitoka India, lakini yeye na mama yake wote walizaliwa pale pale Muyinga. Alinisikia nikisema maneno mawili, akauliza:

"We umekaa Tanzania, sivyo?"

"Nimezaliwa kule."

"Mi nilikimbilia kule wakati ya vita. Nilivuka Kobero na watoto tatu na sufuria moja. Nilirudi, duka haina mlango, haina bati." Akacheka kidogo, akafungua mashine. "Bon. Tazama. Maji iko hapa. Mayai unaweka hapa, ncha iko chini. Siku ya saba unamulika na tochi, utaona mizizi nyekundu ndani, njo kifaranga anaanza. Na hii namba hapa juu, usiguse. Iko tayari. Umesikia?"

"Mama, mimi najua kusoma," nikamwambia.

Alinitazama juu ya miwani. "Unajua kusoma. Usiguse."

Siku ya kuiwasha walinifanya kiongozi wa mashine na kunikabidhi ufunguo, na wanawake walijaa ndani ya chumba hiki. Kila mmoja alikuja na mayai yake ndani ya kikapu, yamefungwa kwa majani makavu ya migomba. Goreti alileta kumi na nane. Unamjua Goreti, hasemi sana. Kwa siku kumi alikuwa amewanyima watoto wake hata yai moja la kula ili yatimie yale. Nilichomeka waya, taa ikawaka, na namba ikaanza kupanda. Sabini. Themanini. Tisini. Ikasimama kwenye tisini na tisa na nusu.

"Hiyo namba ni ya nini?" mmoja akauliza.

"Ni joto."

"Na joto la mia ni lipi?"

Nikakumbuka mwalimu wangu wa darasa la sita. "Mia ni maji yanayochemka."

Ukasikia kelele! "Spesioza, itayachemsha! Itayachemsha mayai yetu!" Wote wakanigeukia. Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu cha Kichina na Kiingereza. Nilikuwa nimekifungua mara moja peke yangu, nikaona sielewi, nikakirudisha haraka kabla mtu hajaniuliza. Ningeweza kusema, "Ngojeni, sijui, niulize Muyinga." Maneno machache tu. Badala yake nilisogea mbele ya wanawake wote, nikabonyeza kile kitufe cha kushusha, nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka mashine ikagoma kwenye themanini na sita.

"Sasa yamepona," nikasema.

Walinipigia makofi, Odeta. Nami nilifurahi sana.

Siku ya saba nilijifungia humu na tochi. Nilimulika yai la kwanza, jeupe ndani, tupu. La pili tupu. La kumi lilikuwa na duara jembamba la damu, kama uzi, na hakuna mzizi hata mmoja. Nilimulika yote. Nilipomaliza sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira na yule mwanamke wa Muyinga. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kosa linaweza kuwa langu. Niliwaambia wenzangu nakwenda Gitega kutafuta dawa ya kuku, nikapanda gari mpaka Muyinga, na njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Niliyasema yote. Dukani mlikuwa na wateja watano au sita, mmoja alikuwa ameshika bomba begani, naye akasimama kunisikiliza. Nilisema ametuuzia mashine mbovu kwa kuwa sisi ni wanawake wa shamba. Nilisema anatuibia akijua hatuna pa kwenda kushtaki. Nilipiga meza yake kwa kiganja.

Aliningoja mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Namba iko ngapi?"

"Themanini na sita."

"Nani alishusha?"

Alinyanyuka, akaenda kuwasha mashine nyingine kama yetu, akaleta vigoda viwili tukakaa. Ilipofika tisini na tisa na nusu alitoa kabatini kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani, akakiweka ndani juu ya trei, akafunga. Wateja wake hakuna aliyetoka. Baadaye akakitoa, akanipa mkononi. "Soma. We unajua kusoma."

Kilisema thelathini na saba na nusu.

"Hii mashine inahesabu ya Wamarekani," akasema. "Tisini na tisa yao njo thelathini na saba yetu. Joto ya kuku iko kama ya mtu anaanza homa. We uliwapa baridi. Wamekufa ya baridi." Alisema polepole, wala hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. "Shika hii kipimo, nakupa. Mayai ile tupa. Ambia wamama ukweli, wataleta ingine."

Nilichukua kipimajoto. Ukweli sikuuchukua.

Nilirudi, nikaipandisha namba, nikawaambia wenzangu kila kitu kinakwenda vizuri. Kwa siku kumi na mbili nilikuwa nageuza mayai yaliyokufa, asubuhi, mchana na jioni, na kuandika kwenye daftari kwamba nimeyageuza. Ulikuwa unanisaidia kuongeza maji. Unakumbuka? Uliniuliza kwa nini yananuka, nikakuambia ni harufu ya mashine mpya.

Siku ya ishirini na moja walikuja wote wamevaa vizuri. Goreti alibeba chungu cha urwarwa, pombe ya ndizi aliyoikamua mwenyewe. Walikaa pale nje kwenye nyasi, wakaimba, wakanipa mrija wa kwanza kwa heshima, nikanywa. Ikapita saa moja, ikapita nyingine. Mmoja alikuwa ameshona kikoti cha kufunikia boksi la vifaranga vyake. Jua lilipoanza kuegemea, Goreti akaja mlangoni akaniambia taratibu, "Vunja moja tuone."

Nikavunja. Harufu ikawafikia mpaka waliokaa mbali. Yalikuwa mayai viza, yote.

"Kwa nini?" Goreti akauliza.

Na mimi, niliyekuwa na kipimajoto cha yule mama mfukoni mwangu saa ile ile, nikasema, "Yule Mhindi wa Muyinga ametuuzia mashine mbovu."

Ilikuwa rahisi ajabu. Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Mtu mwenyewe yuko mbali, dini yake nyingine, babu zake wa kwingine, nani amtetee? Nilijua ningeaminiwa kabla sijafungua mdomo. Nataka ulifikirie hilo, mwanangu, kwa sababu mimi nilichelewa kulifikiri.

Maneno yalipanda na kushuka milima yote hii. Baada ya wiki moja chama kikaitisha mkutano, na Leonidasi akaja, ambaye chama chetu hakijawahi kumhusu. Alisema atatafuta lori, twende Muyinga wote, tumwagie yule mwanamke mashine yake mlangoni, watu wa mji wamwone. Wanawake wakashangilia. Akanyanyua fimbo yake. "Hawa watu tumewavumilia," akasema. "Wanakuja, wanakula jasho letu. Warudi walikotoka!"

Warudi walikotoka. Maneno hayo nilikuwa nayajua, mpaka pale sauti inapopandia. Mwezi ule tulipofika na mabegi yetu, mimi na wewe na baba yako, mtu huyu huyu aliyasema kwenye uwanja wa komini, nawe ulikuwa umenishika sketi. Ulinivuta ukauliza, "Mama, tulikotoka ndio wapi?" Na sasa yalikuwa yanatoka tena kwenye kinywa kile kile, kumwendea mwanamke aliyezaliwa Muyinga, na aliyeyawasha safari hii nilikuwa mimi.

Nilisimama. Sikuwa jasiri, usije ukasimulia hivyo. Miguu ilisimama yenyewe kwa hasira.

"Mashine haina kosa," nikasema. "Namba niliishusha mimi. Niliambiwa nisiiguse, nikaigusa. Mayai niliyaua mimi."

Goreti ndiye aliyenyanyuka.

"Ulijua lini?"

"Siku ya nane."

"Tulipokuja na urwarwa ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanywa urwarwa wangu na huku unajua?"

"Nilikunywa."

Alinitazama, akatema mate pembeni, akakaa. Hakuna kofi ambalo lingenifikia kama yale mate.

Leonidasi alifurahi waziwazi. Alisema alijua tangu mwanzo, mwanamke wa Tanzania hawezi kupewa kitu cha watu. Mashine ipelekwe kwake, wanaume wataisimamia. Akaja mpaka mbele yangu akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu kwenye uzi. "Oya, hapana," nikasema.

"Umekwisha kukiri!"

"Nimekiri. Mayai nimeyaua na vifaranga nitavitoa. Niondoeni uongozi, niiteni muongo, ni kweli. Lakini mtu ambaye hajaleta hata yai moja hachukui ufunguo huu, labda akate na shingo."

Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Mashine ilikuwa ya wote na mimi ndiye niliyewaharibia. Lakini niliona wazi kwamba nikiondoka na aibu yangu, wataondoka na mimi wanawake wote, na chumba hiki kitakuwa ghala la fimbo za Leonidasi. Tukasimama hivyo, yeye mkono mbele, mimi nimeshika uzi. Kisha Goreti akasema kutoka pale alipokaa, bila kunitazama, "Ufunguo ulete kwangu. Si kwake."

Nikauvua nikampa. Leonidasi akachukua fimbo yake akaenda.

Waliniondoa kwenye uongozi siku ile ile, na walifanya vizuri. Wiki hiyo ulirudi kutoka shule kola imechanika, ukaniambia umempiga mtoto wa Goreti kwa sababu amesema mama yako ni muongo. Nilikushonea kola. Nikakupa viazi vya moto. Sikukuambia kwamba yule mtoto alisema kweli. Umekuwa humsemeshi miaka yote hii, na kosa hilo ni langu, si lako wala lake. Kama utapata nafasi kabla ya gari, pita kwao.

Kisha nilikwenda Muyinga. Sikuwa na cha kupeleka. Mama Nargisi alikuwa amekwisha kusikia. Habari mbaya haihitaji gari. Alikuwa anapanga betri kwenye rafu, hakuacha.

"Ulisema mi iko mwizi?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu gani?"

"Mbele ya wote."

"Na kusema ulidanganya, ulisema mbele ya nani?"

"Mbele ya wale wale."

Alipanga betri mpaka zikaisha. "Wiki mbili hapa hakuna mtu ya Gitega anaingia kwangu," akasema. "Mtoto yangu waliuliza sokoni, mama yako anauzaka vitu mbovu? Voilà. Sasa najua ilitoka wapi." Akavua miwani. "Unafikiri tuko sawa sasa? Hatuko sawa. Lakini kaa. Chai iko."

Nilikaa. Alinifundisha mpaka duka likafungwa. Washa mashine tupu siku nzima kabla ya kuweka kitu. Mayai yaliyosafiri yapumzike usiku mmoja kwanza, yametikisika. Andika msalaba upande mmoja na duara upande wa pili ili ujue umeyageuza. Siku ya kumi na nane acha kugeuza, ongeza maji, funga, usifungue hata wakikulilia. Na akanishikisha yai kwenye kope la jicho. Likiunguza, moto ni mwingi, likipoza, mdogo, usipolisikia, basi liko sawa na wewe. Haya yote utayakuta kwake, wala usimwambie unayajua. Unayajua, lakini nyamaza.

Mayai nani atanipa? Nilikusanya ya kuku wangu wanne. Siku niliyoyafikisha kumi na mbili, Goreti akaja na kikapu. Kumi na nane tena.

"Sijakusamehe," akasema. "Nataka kuona."

Siku ishirini na moja alikuwa anakuja mara tatu kwa siku kunifungulia mlango. Alisimama pale, mikono kifuani, nikigeuza. Hatukuongea zaidi ya salamu. Siku ya saba nikamulika yai lake la kwanza, nikaona mizizi, myekundu, imetambaa kama ramani ya mito, na katikati doa linarukaruka. Nikamwachia nafasi. Aliinama akatazama muda mrefu. "Huyo ni moyo?" akauliza. "Ego, ndiyo," nikamwambia. Alirudi pale mlangoni akakunja tena mikono, lakini kesho yake alikuja kabla ya wakati.

Siku ya ishirini tulisikia vinalia ndani ya maganda. Goreti alitaka kufungua. Kimoja kilikuwa kimetoboa kikakwama, tulikiona kupitia kioo kidogo, kinahema. "Kitakufa, kisaidie!" Nikakaa chini nikaegemea mlango wa mashine. Nilimwambia anipige akitaka, lakini sifungui. Aliniita majina. Nikakaa. Kufikia asubuhi kimetoka, na nyuma yake wengine ishirini na wawili, wamelowa, wabaya kama vichaa. Saba hawakutoka. Goreti alivihesabu vyake mara mbili, akaviweka kwenye boksi, na alipofika hapo nje akageuka.

"Bado wale kumi na nane wa kwanza," akasema.

Na ni kweli, bado. Hajaacha kunikumbusha, na tumekuwa tukifanya kazi pamoja tangu hapo. Mimi sikurudishwa uongozi wala sikuuomba. Ufunguo anao yeye.

Sasa Mama Nargisi amefungua nyumba ya vifaranga Muyinga, mashine kubwa kuliko kabati, na amenipigia simu akisema, "Nitumie yule binti yako." Nilimuuliza kama amesahau. Akasema, "Mi sisahau kitu. Njo maana nataka mtu wa kwako." Sikumwelewa vizuri, na nimeacha kujaribu. Lakini nakuambia hili: huendi kule kufuta kosa langu. Ukijiona unafanya kazi ya watu wawili ili mtu amsamehe mama yako, acha, fanya ya mtu mmoja. Ukimsikia mtu pale mjini anasema warudi walikotoka, akimsema yeye au akikusema wewe, usimtafutie sababu. Mtazame tu mpaka aone haya, na asipoona haya endelea kumtazama.

Na wewe utaharibu. Siku moja umeme utakatika au mkono wako utateleza, na mayai ya watu yatakufa mikononi mwako, mengi kuliko yangu. Siku hiyo utamwona mtu wa mbali anayefaa kubebeshwa. Siku zote yupo. Muache. Sema ni mimi, asubuhi ile ile, kabla harufu haijasema. Na ukishasema, watakuja wa kukuambia sasa ondoka, ulishakiri, huna haki tena ya kukaa hapa. Hao ndio wa kuwakatalia. Mimi nilichukua muda mrefu kuyajua haya mawili, na kwangu yalikuja kinyumenyume: nilianza na ukaidi, ukweli ukaja nyuma. Wewe anza na ukweli. Ukaidi unao wa kutosha, ulizaliwa nao.

Niandikie ukitaka, usipotaka usiandike. Anwani yangu haijabadilika. Niko Gishubi, na waliotaka niondoke walichoka kabla yangu.

Mama yako,
Spesioza